Ndugu Yangu wa Jalalani

Wiki iliyopita nilikwenda duka la pembejeo kununua molasi ya ng'ombe wangu wawili, na muuzaji alipofungua pipa nikashindwa kusema shida yangu. Kijana wa watu alidhani nimepandwa na presha. Akaniletea kigoda, akanipepea kwa kalenda ya ukutani. Mimi nilikuwa mzima kabisa. Ni ile harufu tu, nzito, tamu iliyokaribia kuungua, iliyonitoa hapa Same ikanirudisha kwenye kwota za kiwanda cha sukari kule Mumias, upande wa Kakamega nchini Kenya, nilikoishi nikiwa bado nang'oka meno ya utoto. Na kwa kuwa hata mwezi haukuwa umeisha tangu tumzike Mama Shikuku, nilikaa kwenye kile kigoda nikalia mbele ya magunia ya pumba, mwanamke mzima, mwalimu mstaafu.

Baba alikuwa mpika sukari. Watu wengi hawajui kama kuna kazi hiyo. Miwa ikishakamuliwa, yale maji huchemshwa kwenye masufuria makubwa kuliko chumba cha kulala, na lazima awepo mtu wa kuyatazama na kuyapima kati ya vidole mpaka ajue sasa chembe zinashika. Baba alijifunza kazi hiyo huku kwetu Tanzania. Miaka ile Mumias ilikuwa inachemka kwelikweli. Kila mwenye kishamba aling'oa mahindi akapanda miwa, matrekta yalipita na matela kuanzia alfajiri, na kiwanda kilikuwa kikitafuta wajuzi kila pembe. Baba akapata mkataba. Tukafunga virago: yeye, Mama na mimi.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka hali ilivyokuwa huku kwetu. Sabuni kwa foleni, kitenge kwa foleni, na kuna miezi ambayo nyumba ya mpika sukari ilikunywa uji usio na sukari. Kule Mumias nilikuta mkate umefungwa kwenye karatasi kama zawadi, na dukani unauliza kitu unapewa hapohapo. Nilimuuliza Mama kama watu wale walikuwa wameshamaliza foleni yao kabla hatujafika. Siku ya malipo ya miwa ilikuwa sikukuu: huyu kanunua redio, yule baiskeli, mwingine mke wa pili, na mabati mapya yalimetameta mpaka unafumba macho. Mama alitazama akasema nchi ile ilikuwa na haraka. Lakini na yeye alinunua majarini, tena kopo kubwa.

Mengine yalinishinda. Mvua ilinyesha kila mchana kwa saa ileile, mara nyingine na mawe yake. Ugali wao, obusuma, ulikuwa wa wimbi na muhogo, mweusi na mgumu wa kukataa kidole. Chai ilikuwa maziwa matupu yaliyoonyeshwa majani kwa mbali. Shuleni watoto walicheka Kiswahili changu, wakasema naongea kama redio, na mimi nikawaona wao ndio wamekosea, kwa hiyo tulikuwa sawa. Lakini kilichonitesa zaidi ni salamu. Mimi nilifundishwa kupiga goti na kusema shikamoo, kisha nikae kimya. Kule mtoto humpa mkubwa mkono, na mkono ule hutikiswa mpaka bega lichoke. Siku ya kwanza nilipompigia goti mama mkwe wa jirani yetu, kikongwe ambaye wote tulimwita Kukhu, yaani bibi, alidhani nimeanguka. Akaniinua, akanikung'uta magoti.

Jirani mwenyewe ndiye Mama Shikuku. Shamba lao lilipakana na kwota zetu, ua mmoja tu katikati, na kila asubuhi alituletea maziwa kwenye kidumu. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya kuita ng'ombe hata anapokunong'oneza. Mama alikuwa mpole wa kujifungia ndani. Sijui walipatanaje. Nadhani ni Mama Shikuku tu aliyeamua, na ukishaamuliwa na mtu kama yule huna pa kukimbilia.

Sasa niseme jambo ambalo nyumbani kwetu halikusemwa. Kabla hatujaondoka Same, Mama alikuwa amezika mtoto mchanga. Mwaka wetu wa kwanza Mumias alipata mwingine, wa kike, naye homa ikamchukua kabla hajajua kucheka. Hapo tukakwama. Kwetu Upareni mtu anazikwa kwake, penye migomba yake, na kule vilevile mtu anazikwa bomani kwake. Tulifanana mno. Lakini kwota ya kampuni si kwa mtu. Walituonyesha makaburi ya mjini, Mama akakataa, akakaa na yule mtoto mapajani hataki hata kumeza mate. Mchana mume wa Mama Shikuku akaja na jembe begani. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwambia Baba kuwa mtoto hana kosa kwa kutoka mbali, kisha akatupeleka nyuma ya nyumba yake, penye migomba, akachimba mwishoni mwa mstari wa watu wake. Baba alilia siku ile. Sikujua kama wanaume wanaopika sukari wanaweza kulia.

Kwa hiyo Mama alipobeba mimba tena, nyumba nzima ilitembea kwa vidole. Hakununua hata soksi moja. Akajifungua mvulana hospitali ya misheni, akarudi naye amemviringisha kwenye kanga kuukuu, akamlaza kitandani, akaenda kuosha vyombo. Mimi nikabaki kumtazama. Alikuwa na nyusi kama za Baba, na ngumi alizozikunja kwa hasira ya ajabu. Nilimpenda palepale, nikampa kidole ashike. Mama alikuwa hamtazami muda mrefu. Nilidhani hakumpenda, na roho iliniuma sana kwa niaba yake.

Siku chache baadaye Mama Shikuku akaja bila kidumu. Wakanong'ona jikoni. Baba alikuwepo, akakohoa, akasema yeye ni Mlutheri na pia ana zamu kiwandani, akachukua kofia. Saa ya zamu ilikuwa bado kabisa.

Tukaenda kwao. Nyuma ya jiko lao palikuwa na jalala, majivu ya miaka na maganda ya ndizi. Kukhu alikuwa anatungoja hapo. Alimpokea mtoto kutoka mikononi mwa Mama, akamvua ile kanga, akatandika jani la mgomba juu ya majivu, akamlaza pale. Mtoto akalia kwa nguvu zake zote. Mama alikuwa amegeukia ukuta wa jiko, mgongo kwetu. Nilitaka kumkimbilia ndugu yangu, Kukhu akanishika mkono, na kwa uzee wake alikuwa na mkono wa chuma.

Mama Shikuku akatokea upande wa shamba na kikapu kichwani, kama mtu anayetoka sokoni, ingawa tulikuwa tumekuja naye sasa hivi. Akasimama.

"Nani ametupa mtoto hapa?" aliuliza. Kukhu akasema hajui. Mama Shikuku akamgeukia Mama. "Wewe mama, huyu mtoto ni wako?"

"Si wangu," Mama akaujibu ukuta. "Simjui."

"Basi ni wangu. Mimi nimeokota. Jina yake ni Makokha."

Akamfuta majivu kwa kitambaa chake mwenyewe, akambeba. Kisha akamwendea Mama akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba yeye hana maziwa, kwa hiyo amwombe Mama amnyonyeshee mtoto wake. Mama akampokea.

Leo najua, na pengine wewe msomaji ulishajua tangu aliposema jina. Makokha ndilo jina la mtoto kama yule, anayekuja baada ya wenzake kuzikwa. Kifo kikija kumtafuta mtoto wa Mama kisimkute, kikute kitu cha jalalani alichookota mpita njia. Ni hila, na wanawake wale watatu waliicheza kwa moyo wote. Lakini mimi hakuna aliyenieleza. Mimi niliona mama yangu akimkana ndugu yangu mbele ya watu, na jirani akimchukua. Nikaelewa kwamba mtoto ameshatolewa, kwamba kwetu yuko kwa kuazimwa tu, mpaka atakapoacha kunyonya.

Hebu fikiria nilivyoishi baada ya hapo. Kila asubuhi Mama Shikuku alipoleta maziwa, mimi niliona mtu amekuja kukagua mali yake. Alimwinua Makokha juu, akamtazama fizi, akamfinya mapaja, akauliza, "Mtoto yangu amekula?" Mama akajibu kwa heshima kwamba amekula. Siku moja niliposikia kidumu chake kikigonga ua nilimchukua mtoto nikaingia naye chini ya kitanda. Tulikaa humo katikati ya viatu, nimemziba miguu isionekane, mpaka alipopiga chafya. Mama Shikuku akainama akatuona. Alinisogezea kidumu, akanionyesha kwa kidevu nikipeleke jikoni.

Nilimuuliza Mama mara moja tu. Alikuwa anaanua nguo, maana walikuwa wamechoma shamba la miwa la jirani kabla ya kulivuna, na majivu meusi yalianza kutua juu ya shuka. Nikamuuliza Makokha ni wa nani. Mama akaendelea kukunja nguo, akasema Makokha ni wa Mama Shikuku, yeye anamnyonyesha tu. Alilisema hilo bila kutabasamu hata kidogo. Watu waliposifu afya ya mtoto alijibu hivyohivyo, kuwa huyo ni mtoto wa watu. Ikawa ndiyo lugha ya nyumbani. Mtoto wa watu ameamka? Mtoto wa watu ameoga? Na mtoto wa watu akanenepa, akaota meno, akatembea, akajifunza kutafuna muwa kabla ya kujua kusema maji.

Ndipo nchi zetu mbili zikaanza kununiana. Mambo ya wakubwa. Kwetu tuliyasikia kwenye redio ya Baba, kisha siku moja Baba mwenyewe akarudi mapema, akakaa bila kuvua viatu, akamwambia Mama kwamba kibali chake hakitaongezwa na tunarudi. Mama akaanza kufunga vitu palepale. Masufuria, shuka, redio. Mimi nilikuwa nikichungulia kila sanduku. Nguo za Makokha hazikuwa ndani ya hata moja. Leo najua kuwa Mama hakuwahi kumpangia mtoto yule kitu chochote mapema, aliogopa. Lakini siku ile mimi niliona jibu la kile nilichokiogopa tangu jalalani. Tunaondoka, na aliyeazimwa anarudi kwa mwenyewe.

Nilikuwa na kitu kimoja cha thamani duniani, mkoba wa ukili alionisukia bibi yangu wa Same, wenye milia ya zambarau na mfuniko wake. Shuleni kote hapakuwa na mwingine. Nikauchukua, nikapita uani.

Mama Shikuku alikuwa ameketi mlangoni anachambua mrenda. Nilisahau mambo ya mkono, nikapiga goti la kwetu, nikasema shikamoo, nikaweka mkoba mbele yake. Nikamwambia nimekuja kumnunua Makokha. Nikasema najua yeye ndiye aliyemwokota, na mtoto ni mkubwa sasa, lakini amezoea kulala na mimi, na huko tuendako kuna bibi ambaye hajamwona. Nikasema mkoba una mfuniko.

Nimeishi na watu wazima wengi, nami nimekuwa mmoja wao kwa muda mrefu, na najua kati ya kumi tisa wangecheka. Wangemwita Mama aje asikie. Mama Shikuku aliweka mrenda kando, akapangusa mikono. Akamwita Kukhu kutoka ndani, akamwambia kwa lugha yao maneno marefu, na Kukhu akaketi karibu yetu kama mtu aliyeitwa shaurini. Halafu Mama Shikuku akauchukua mkoba, akaufungua, akaufunga, akampa Kukhu naye akaufungua na kuufunga.

"Nimepokea," alisema. "Kukhu ameona. Sasa sikiriza, Nakijwa. Makokha wewe utaenda na yeye. Mimi namuachanga akue kwenu. Lakini mtoto mwenye ameokotwa haishangi kuwa wa mwenye aliokota. Akiwa mkubwa umwambie ako na mama hapa."

Nikaapa nitamwambia. Nilikuwa tayari kuapa lolote. Nikakimbia nyumbani, nikachukua nguo zote za Makokha nikazishindilia kwenye sanduku juu ya masufuria, na Mama akaja akalifunga kwa kamba.

Asubuhi ya kuondoka Mama Shikuku alileta kuku hai, kafungwa miguu, maana kule mgeni haagwi mikono mitupu. Mama aliuliza kuku atasafirije nchi mbili. Alisafiri. Alikaa miguuni pa Baba mpaka Nairobi, na mpaka Taveta, akilalamika njia nzima, na bibi yangu alimfuga hadi akafa kwa uzee akiitwa Mkenya. Kabla hatujapanda gari, Mama alikwenda peke yake kwenye migomba. Alikaa huko kitambo. Aliporudi, yeye na Mama Shikuku walishikana mikono, wakaitikisa, hawakuachana mpaka dereva alipopiga honi. Haukupita muda mrefu, mpaka wa nchi zetu mbili ukafungwa, ukakaa umefungwa miaka.

Ulipofunguliwa tulisubiri kidogo, Makokha akawa kijana wa kubeba begi lake mwenyewe. Nilikuwa nimeshamwambia kila kitu, na alikwenda. Alirudi na kuku. Tangu hapo alikwenda kila alipopata nafasi, na simu za mkononi zilipokuja, Mama Shikuku alimpigia Jumapili baada ya kanisa, na sauti ile ya kuita ng'ombe tuliisikia sote bila kuweka spika. Alimwuliza kama amekula.

Mimi maana ya jalala niliipata nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Mama alikuja kunilea, nikamweleza vile nilivyomnunua Makokha kwa mkoba. Alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli, ndipo akanieleza hila yao. Nikamwuliza, sasa kwa nini bado anamwita mtoto wa watu, jitu lenye ndevu? Hata kwenye harusi yake alikuwa ameinuka akasema mtoto wa watu ameoa. Mama akanijibu kwamba alimkana mbele ya mashahidi, na aliyemwokota bado yuko hai, kwa hiyo yeye aseme nini. Nikadhani ni mzaha wa kizee.

Shikuku, mwanawe wa kwanza, ndiye aliyetupigia simu ya msiba. Mama yetu sasa magoti hayamruhusu safari, na macho yameingia ukungu, akabaki. Tulikwenda mimi na Makokha. Kiwanda si kile tena, na mashamba mengi yamerudia mahindi, lakini mvua ilinyesha saa yake. Tukamzika bomani kwake. Niliangaza angaza nyumba nzima nikitafuta mkoba wangu, sikuuona, ukili haudumu. Nyuma, penye migomba, kilima kidogo cha ndugu yetu mchanga kilikuwa kimepaliliwa.

Kule siku ya tatu baada ya maziko ni siku ya kunyoa. Watoto wa marehemu hunyolewa vichwa, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Shikuku alitangulia, naye mzee sasa, wakamfuata wadogo zake. Nilikuwa nimekaa na wanawake, namenya viazi. Yule wa mwisho alipoinuka kwenye kigoda, mwenye wembe hakuufunga. Alitazama upande wa wanaume, akaita, "Makokha." Si kwa sauti kubwa. Hakuna aliyegeuka kushangaa, hakuna aliyeeleza. Ndugu yangu, fundi umeme, baba wa watoto wanne, aliinuka, akakaa, akainamisha kichwa. Nilimenya kiazi kilekile mpaka kikaisha.

Tulifika Same mchana. Mama alikuwa barazani. Makokha akachuchumaa mbele yake amsalimie, naye, kwa kuwa haoni vizuri, akanyoosha mkono kutafuta uso wake. Mkono ukatua kichwani. Akakipapasa, utosi, kisogo, akarudia tena polepole, mpaka alipohakikisha kwamba hakuna nywele hata moja.

"Pole, mwanangu," alisema. "Umefiwa na mama."

Makokha anakaribia miaka hamsini. Ilikuwa mara ya kwanza Mama kumwita hivyo.